Dakika Tano za Mwisho: Uhakiki wa Namna Tunavyofunga Somo la Kusoma

Utangulizi

Katika mafunzo ya ualimu wa Kiswahili, utangulizi wa somo umepewa heshima kubwa. Mwanachuo hufundishwa namna ya kuingia darasani, kusalimu, kuuliza maswali ya kuwaamsha wanafunzi, kuonyesha picha, kuandika kichwa cha kifungu ubaoni na kuwaongoza wanafunzi kubashiri yatakayofuata. Hitimisho, kwa upande wake, limeachwa kama mtoto wa kambo. Katika andalio la somo hupewa mstari mmoja au miwili, mara nyingi maneno yale yale: "Mwalimu anawasaidia wanafunzi kufanya muhtasari wa somo." Makala haya yanakusudia kuuhakiki mstari huo. Tunauliza: somo la kusoma linapofungwa katika madarasa yetu, mwanafunzi anatoka na nini?

Swali hili lina uzito wa pekee hapa Rwanda. Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kwa sheria ya mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mtaala unaozingatia uwezo wa mwanafunzi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2016, nao unakitaja Kiswahili kama lugha ya mawasiliano katika ukanda huu. Lakini ukiacha mitaa kama Biryogo na Nyamirambo hapa Kigali, ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa miaka mingi, wanafunzi wetu walio wengi hawakisikii nyumbani wala njiani. Kwao ni lugha ya nne, na mlango wake ni kifungu kilichomo kitabuni. Kifungu kikifungwa vibaya, mlango nao umefungwa hadi kipindi kingine.

Hitimisho lilitoka wapi?

Si vibaya kukumbuka kwamba hatua za somo tunazozifuata zina historia. Wanafunzi wa fikra za Mjerumani Johann Friedrich Herbart, aliyefariki mwaka 1841, hasa Wilhelm Rein, walieneza mpangilio wa hatua tano: matayarisho, uwasilishaji, ulinganishaji, ujumlishaji na matumizi. Mwishoni mwa karne ya 19 mpangilio huo ulikuwa umeenea katika vyuo vya ualimu vya Ulaya na Marekani. Linalotuhusu hapa ni hatua ya mwisho. Iliitwa matumizi, yaani wakati wa mwanafunzi kulifanyia kazi alilojifunza. Haikuwa nafasi ya mwalimu kurudia aliyokwisha kuyasema.

Tukitazama kwa majirani, maandalio ya somo nchini Tanzania yalikuwa kwa miaka mingi na hatua za utangulizi, maarifa mapya, uimarishaji, tafakuri na tathmini. Hapa kwetu andalio lina utangulizi, ukuzaji wa somo na hitimisho, na pembeni yake safu ya uwezo wa jumla na masuala mtambuka. Majina yanatofautiana, lakini nia ni moja: mwanafunzi aonekane ametenda jambo kabla ya kutoka. Tatizo halimo katika fomu. Limo katika namna tunavyoijaza na tunavyoitekeleza.

Namna nne za kufunga zilizozoeleka

Katika kuwatembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, na katika kuketi madarasani na walimu wazoefu, tumekutana na namna nne za kufunga somo la kusoma. Tunazitaja bila kumnyooshea mtu kidole, kwa kuwa zimekuwa desturi.

Ya kwanza ni kufungwa na kengele. Kipindi kina dakika 40. Usomaji wa sauti, mwanafunzi baada ya mwanafunzi, umekula dakika 20. Msamiati umekula 15. Maswali mawili ya ufahamu yamejibiwa, na kengele inalia. Mwalimu anasema, "Yaliyobaki mtayamalizia nyumbani." Lakini nyumbani hakuna kitabu, kwa sababu wanafunzi watatu au wanne wanatumia kimoja na jioni kinarudishwa kabatini. Kwa hiyo yaliyobaki hubaki.

Ya pili ni swali "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Mwitikio huo una adabu ndani yake, kwani mtoto wa Kinyarwanda amelelewa asimwaibishe mkubwa mbele ya watu. Kumwambia mwalimu "Hatukuelewa" ni kama kumwambia hakufundisha. Basi jibu la "ndiyo" linatupa habari za malezi ya wanafunzi, wala halitupi habari zozote za usomaji wao.

Ya tatu ni kunakili muhtasari. Mwalimu anaandika sentensi tano ubaoni, wanafunzi wanazihamishia daftarini. Tukumbuke kwamba ufupisho ni stadi inayojitegemea. Wenzetu wa Kenya, katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, wameupa ufupisho alama 15, sawa na ufahamu, kwa sababu kufupisha ni kuchagua, na kuchagua ni kuelewa. Mwanafunzi anayenakili muhtasari wa mwalimu hakuchagua kitu. Kilichofanya kazi ni mkono tu.

Ya nne ndiyo inayopendwa kuliko zote: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mikono inainuka mara moja. "Inatufundisha tupendane." "Inatufundisha tuwaheshimu wazazi." "Inatufundisha tusome kwa bidii." Mwalimu anafurahi, mkaguzi aliyeketi nyuma anaandika kwamba somo limefikia lengo. Lakini tujaribu jambo moja. Tumwite mwanafunzi wa darasa la jirani, ambaye hakukisoma kifungu kile, tumwulize swali lile lile. Atajibu vilevile, na pengine ataongeza la nne. Swali linaloweza kujibiwa sawasawa na mtu ambaye hakusoma halipimi kusoma.

Masuala mtambuka na mahubiri ya mwisho

Hapa hatuna budi kugusa jambo ambalo walimu wengi hulizungumza pembeni. Mtaala wetu una masuala mtambuka manane, miongoni mwao elimu kuhusu mauaji ya kimbari, jinsia, mazingira, elimu ya amani na maadili, na elimu ya matumizi ya fedha. Ni masuala mazito, na katika nchi yenye historia kama yetu hakuna mwalimu mwenye busara atakayeyapuuza. Hoja yetu inahusu mahali yanapowekwa. Kwa kuwa fomu inadai yaonekane, na kwa kuwa hayakupatikana katikati ya somo, mwalimu huyapachika mwishoni. Kifungu kilikuwa kinaeleza habari za mvuvi wa ziwa Kivu. Dakika tatu za mwisho mvuvi anaachwa majini, darasa linaambiwa litunze mazingira.

Hasara yake ni mbili. Kwanza, kifungu kinageuzwa kuwa kisingizio. Mwanafunzi anajifunza kwamba husomi ili kujua nini kilimpata mvuvi yule; unasoma ili ufike kwenye wosia, na wosia wenyewe unaujua tangu shule ya msingi. Pili, masuala yenyewe yanapoteza uzito. Amani inayotajwa kila siku kwa maneno yale yale mwisho wa kipindi inakuwa kama salamu. Kama mvuvi amekataa kutumia nyavu zenye matundu madogo ingawa watoto wake wana njaa, swali la mazingira limo ndani ya uamuzi wake. Mwalimu akiuliza, "Ni sentensi gani inayoonyesha kwamba uamuzi huu ulimuuma?" atakuwa ameligusa suala mtambuka na matini kwa pamoja, bila kuhubiri.

Kipimo cha hitimisho zuri

Kutokana na hayo, tunapendekeza maswali matatu ambayo mwalimu anaweza kujiuliza anapoandika hitimisho lake.

1. Je, mwanafunzi atalazimika kurudi kwenye kifungu ili alifanye zoezi hili?
2. Je, atatumia Kiswahili chake mwenyewe, japo sentensi moja, badala ya kuitikia au kunakili?
3. Je, mimi mwalimu nitajua jambo ambalo sikulijua kabla ya dakika tano hizi?

Hitimisho likijibu "ndiyo" mara tatu, limefaa. Likijibu "hapana" mara tatu, afadhali dakika hizo zitumike kusoma aya moja zaidi.

Njia zinazofaa

(a) Sentensi yenye ushahidi. Kila mwanafunzi anaandika sentensi moja kwenye robo ya karatasi: jambo moja analoliamini kuhusu mhusika, na namba ya aya inayolithibitisha. Kwa mfano: "Nadhani Mariamu anaogopa, aya ya 3." Mwalimu anazikusanya mlangoni. Darasa likiwa na wanafunzi 50, hazisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Zinapangwa mafungu matatu: walioelewa, waliokaribia, waliopotea. Ni kazi ya robo saa, na kipindi kinachofuata kinaanzia kwenye fungu la tatu. Karatasi zikiwa adimu, safu moja ya madawati iandike leo, nyingine kesho.

Faida ya njia hii huonekana upesi katika madarasa yetu, kwa sababu Kinyarwanda na Kiswahili ni ndugu, na ndugu hufanana hadi wakapotosha. Kitenzi "kubaka" kwa Kinyarwanda ni kujenga; kwa Kiswahili ni jinai mbaya kabisa. Mwanafunzi akiandika kwamba "baba alibaka nyumba", amekielewa kifungu vizuri sana, na wakati huohuo ametuonyesha neno analohitaji kufundishwa kabla halijamfedhehesha mbele ya watu huko Dar es Salaam au Mombasa. Vivyo hivyo "gusoma" kwa Kinyarwanda ni kusoma, lakini pia ni kubusu na kupiga funda la kinywaji. Mkanganyo wa r na l nao hujitokeza hapohapo, "kurima" badala ya "kulima". Hayo yote hayasikiki katika "Ndiyo, mwalimu" ya pamoja.

(b) Kubashiri kwa dalili. Njia hii inafaa kwa hadithi ndefu inayosomwa kwa wiki kadhaa. Tuchukue riwaya ya upelelezi ya Mohamed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi Bwana Msa hakurupuki, anakusanya dalili. Mwalimu anaweza kukatisha usomaji mahali ambapo siri ya mauaji ya Bwana Ali haijafumbuliwa, kisha kila jozi ya wanafunzi iandike inamshuku nani na kwa dalili ipi iliyokwisha kusomwa. Jozi isiyo na dalili haina hoja. Karatasi zinahifadhiwa hadi mwisho wa riwaya. Darasa linalosubiri kujua kama lilibashiri sawasawa halihitaji kulazimishwa kusoma.

(c) Kutoa hukumu. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na kuteswa waliporudi. Riwaya yote ni baraza. Kwa nini basi tuifunge kwa "inatufundisha haki"? Mwisho wa kila siku ya utetezi, wanafunzi wapige kura: je, hadi hapa Karama amewashawishi? Kisha wawili wa kila upande waseme kwa nini, wakitaja alichokisema Karama, si wanachofikiri wao kuhusu haki kwa ujumla. Kura za siku ya kwanza zikilinganishwa na za siku ya mwisho, darasa litaona namna maneno yanavyobadilisha mawazo ya watu. Dhamira ya haki itakuwa imefundishwa barabara, na hakuna aliyehubiri.

(d) Kukisoma tena. Njia hii ni rahisi kuliko zote na haitumiki sana. Baada ya mjadala, dakika mbili za mwisho zirudishwe kwa kifungu chenyewe. Mwalimu, au mwanafunzi aliyejiandaa, asome upya kwa sauti aya moja iliyo muhimu, wengine wafuate kimya. Aya ile ilisomwa mwanzoni kwa kukwamakwama na maneno mageni. Sasa maneno yamefahamika. Kwa mwanafunzi wa lugha ya nne, kusikia sentensi ndefu ya Kiswahili na kuielewa yote, pasipo tafsiri, ni ushindi. Kwa shairi tungependekeza mwalimu aishie hapo hapo, asiongeze neno.

(e) Kuipeleka nyumbani. Ikiwa kitabu hakiendi nyumbani, hadithi inaweza kwenda. Mwanafunzi apewe kazi ya kumsimulia mzazi, bibi au mdogo wake kile alichosoma, kwa Kinyarwanda, kisha kesho aeleze kwa Kiswahili ni wapi msikilizaji alicheka, aliuliza au alipinga. Msimulizi wetu wa jadi hufunga kwa kusema "Si jye wahera, hahera umugani", yaani nisiishe mimi, iishe hadithi. Msimulizi huyo anajua kwamba hadithi ikishafungwa kwake huanza safari kwa mwingine. Kazi hii haigharimu karatasi, na inamrudisha mwanafunzi darasani akiwa na jambo la kusema.

Pingamizi zinazotolewa

Walimu wenzetu wamekuwa wakitoa pingamizi, na baadhi zina nguvu.

La kwanza ni muda: silabasi ni ndefu na vipindi ni vichache. Ni kweli. Lakini muda unaopotea zaidi uko katikati ya somo, hasa pale wanafunzi kumi wanaposoma kwa zamu aya ile ile huku arobaini wakiangalia dirishani. Wakisoma wanne, dakika tano zinapatikana. Mwalimu aziandike kwanza anapopanga somo, kisha apange yaliyobaki. Asizisubiri zibaki zenyewe.

La pili ni mtihani. Husemwa kwamba mtihani unauliza mafunzo ya hadithi, hivyo ni lazima tuyazoeze. Hatukatai. Tunachosema ni kwamba mwanafunzi aliyezoea kutaja aya inayothibitisha jibu lake atajibu swali la mafunzo vizuri zaidi kuliko aliyekariri "tupendane". Aidha, atajibu na maswali ambayo hayakukaririwa.

La tatu ndilo zito: wanafunzi hawana Kiswahili cha kutosha kutoa maoni. Hapa tunatofautiana na msimamo wa "Kiswahili tu tangu kengele hadi kengele". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aruhusiwe dakika mbili za kujadiliana na jirani yake kwa Kinyarwanda, kisha sentensi inayotoka iwe ya Kiswahili, hata kwa kuanziwa na mwalimu ubaoni: "Nadhani ... kwa sababu katika aya ya ... tunasoma kwamba ..." Kuna watakaoona kwamba hilo ni kufungua mlango wa uvivu. Sisi tunaona kwamba mwanafunzi anayekatazwa kufikiri kwa lugha aliyonayo ataishia kuazima fikra zilizo tayari, na ndiyo sababu majibu yake hufanana na ya mtu ambaye hakusoma. Hata hivyo, mjadala huu haujafungwa, na tungependa kusikia hoja za wenzetu wanaofundisha madarasa ya mwanzo.

Mwisho, tuseme wazi kwamba si kila kipindi kinadai hitimisho lenye mbwembwe. Mwalimu anayetumia karatasi za mlangoni kila siku atazichosha kama "Mmeelewa?" ilivyochoka. Njia hubadilishwa kulingana na kifungu: hadithi ya mashaka hubashiriwa, hoja huhukumiwa, shairi husomwa tena.

Hitimisho

Sheria inaweza kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa siku moja. Wasomaji wa Kiswahili hawapatikani kwa sheria. Wanapatikana mmoja mmoja, katika vyumba vya madarasa, pale mtoto anapotoka akiwa na swali kuhusu mtu aliyemsoma kitabuni. Mtoto aliyefungiwa kila hadithi kwa wosia ule ule atafaulu huenda, lakini baada ya mtihani hatagusa kitabu cha Kiswahili tena, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Kwa hiyo tunatoa ombi dogo. Kila mwalimu na kila mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha achague njia moja kati ya hizi, aitumie kwa wiki moja katika darasa moja, na atunze alichokiandika wanafunzi wake. Karatasi hizo ziletwe idarani, tuzisome kwa pamoja. Ndani yake tutakuta makosa ya sarufi, r na l zilizobadilishana nafasi, na vitenzi vilivyovuka mpaka bila kibali. Tutakuta pia kile ambacho wanafunzi wetu walikisoma kweli, nacho ndicho cha kuanzia somo linalofuata.